Dramu za kompyuta kwenye metali: kiki inapotea na sneya inalia kama cherehani

Gitaa la Chumbani:
Wakuu, habari zenu. Ninarekodi muziki wa metali peke yangu katika chumba cha kupanga hapa Nairobi, na kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba nikipiga sneya halisi, ile dramu ya mlio mkali, mara moja tu, mwenye nyumba atakuwa mlangoni kabla sijainua tena fimbo. Kwa hiyo ninatumia programu ya dramu yenye sampuli, yaani rekodi fupi za mapigo halisi, ninaandika noti za MIDI (maagizo ya kidijitali ya noti ipi ipigwe, lini na kwa nguvu gani) kwa kipanya ndani ya Reaper, programu ya kurekodia, na gitaa langu nimelishusha hadi noti ya C. Wimbo unakwenda kwa mapigo 200 kwa dakika, na kwenye kiitikio kiki, yaani dramu kubwa ya mguu, inapigwa kwa miguu miwili mfululizo, noti nne katika kila pigo.

Nikizisikiliza dramu peke yake, kiki ni nzito na inapendeza, lakini magitaa yakiingia hubaki mngurumo tu, kama wa lori linalopanda mlima. Sneya nayo, pale inapopigwa haraka, inalia kama cherehani. Nilibonyeza kile kitufe cha kuzisogeza noti ovyoovyo ili zisikae sawasawa kwenye gridi, ile mistari ya mapigo kwenye skrini, na matokeo yake nimepata mashine iliyolewa. Je, ninunue sampuli nyingine zilizo bora zaidi?

Fimbo Mbili:
Ndugu, usinunue chochote kwa sasa. Fungua kwanza noti zako za sneya na uangalie nguvu ya kila pigo, ambayo MIDI huipima kuanzia 1 hadi 127. Ningekuwa mtu wa kubahatisha, ningesema zote ziko 127. Sampuli hurekodiwa kwa matabaka, kuanzia pigo la kugusa tu hadi pigo la nguvu zote, na ukikaa kileleni muda wote programu haina la kufanya ila kuzungusha rekodi zilezile chache za tabaka la juu. Hiyo ndiyo cherehani unayoisikia.

Mimi nimepiga dramu halisi kwa miaka kadhaa, na ninachokuomba ni uukumbuke mkono. Sneya ya katikati ya mwendo wa polepole hupigwa kwa mkono ulioinuliwa hadi usawa wa bega, kwa hiyo iache kwenye 118 au 122. Mwendo unapokuwa wa kasi hakuna muda wa kuinua mkono, fimbo hucheza karibu na ngozi, na pigo haliwezi kuwa na nguvu ileile. Shuka hadi kati ya 90 na 105. Ukiandika mzunguko wa tomu, zile dramu za mlio mzito zisizo sneya wala kiki, unaopigwa kwa mikono miwili kwa zamu, ufanye mkono wa kushoto uwe dhaifu kidogo kuliko wa kulia. Pia hesabu viungo: mtu mwenye mikono miwili hawezi kupiga toazi kubwa, sneya na toazi la kuendeshea mwendo kwa wakati mmoja, na msikilizaji huligundua hilo hata kama hajui amegundua nini.

Meshuggah wa Uswidi walitoa albamu ya Catch Thirtythree mwaka 2005 ikiwa na dramu zilizopangwa kwa kompyuta, tena wakiwa na mpiga dramu kama Tomas Haake katika bendi. Kwa hiyo kompyuta yenyewe si kosa.

Fundi wa Usiku:
Ninakubaliana na aliyetangulia kuhusu nguvu ya mapigo, na ninaongeza kwamba kitufe hicho cha ovyoovyo ukizime kabisa. Katika rekodi nyingi za metali za siku hizi, hata dramu halisi husogezwa hadi zikae kwenye gridi, na mara nyingi kiki huongezewa sampuli juu yake, kwa hiyo kuchelewesha noti hakutakupa utu unaoutafuta.

Sasa kiki. Kwa mapigo 200 kwa dakika, noti zako zimeachana kwa milisekunde 75 tu. Ikiwa mkia wa sampuli, yaani sauti inayoendelea baada ya pigo, unadumu milisekunde 300, basi kila wakati kuna mikia kama minne inayolaliana, na hilo ndilo lori lako. Fupisha mkia ndani ya programu yenyewe, na kwenye kiitikio shusha pia maikrofoni za chumba, yaani sauti iliyorekodiwa mbali na dramu, kwa sababu nazo zimebeba kiki ndani yake. Kisha itoe kiki kwenye njia yake peke yake. Ukiiacha ndani ya stereo moja pamoja na matoazi, lolote utakaloifanyia litayagusa na matoazi.

Jambo la mwisho ni nafasi ya kila chombo kwenye masafa ya sauti, yanayopimwa kwa Hz: namba ndogo ni sauti nzito, kubwa ni sauti nyembamba. C ya chini ya gitaa lako iko karibu na 65 Hz, na besi iko oktava moja chini yake. Kiki yenye kishindo kwenye 60 Hz inaingia kwenye kundi hilohilo. Punguza kidogo kiki kati ya 300 na 400 Hz, kisha ongeza ule mgongano mkavu wa nyundo na ngozi kati ya 4 na 6 kHz (elfu nne hadi elfu sita Hz), ukisikiliza magitaa yakiwa yamewashwa. Kiki nzuri ya metali ikisikilizwa peke yake mara nyingi ni mbaya, inagonga kama kucha juu ya meza.

Gitaa la Chumbani:
Nimefanya kazi hiyo jana usiku. Fimbo Mbili hakubahatisha: sneya 212, zote 127. Mkia wa kiki nimeufupisha hadi milisekunde 90 hivi, na sasa ninaweza kuhesabu kila pigo hata kwenye spika ndogo za kompyuta. Tatizo lililobaki ni kwamba matoazi yanafunika sauti ya mwimbaji kila yanapopigwa.

Fundi wa Usiku:
Kabla ya kugusa ikwalaiza, kifaa cha kupunguza au kuongeza masafa, shusha nguvu ya matoazi hadi 90 na ufute nusu ya yale uliyoyaandika kwenye kiitikio.