Kikundi cha ukoo: UZAO WA BIBI ZUWENA 🌴

Mama Raya: Assalam alaykum nyote. Raya tushamrudisha nyumbani alhamdulillah, mguu wamemtia plasta mpaka juu ya goti. Sasa nna suala, mwenye ile daladala iliyomuumiza kaja leo na mkewe, wameleta sukari na laki mbili ndani ya bahasha, na karatasi keshaiandika kabisa ati sisi tumeridhika hatuna dai tena, anataka babaake Raya atie saini

Salum Chake: Waalaykum salaam khalati, pole sana. Asitie saini!!! Subirini nimalize kazi hapa ofisini kwa wakili, halafu naandika

Bibi Zuwena: Salum yule jirani yetu, wajomba zako wanasali nae msikiti mmoja. Tumshtaki watu watusemeje. Ajali kadari ya Mungu

Salum Chake: Kadari siikatai bibi, lakini hapa nyinyi hamumshtaki mtu. Kila gari inayotembea barabarani sheria inataka iwe na bima, basi japo ile ndogo, na hio ndogo kazi yake ndo hii, kumlipa alieumizwa na gari, awe abiria, awe kapita zake na baskeli. Gari yake mwenyewe ikibondeka haimtengenezei, hio mpaka awe na bima kubwa. Pesa yenyewe anailipia kila mwaka halafu siku ya kutumika atoe laki mbili zake mfukoni, kwani ana wazimu?

Kombo: Nani kachukua ndoo yangu ya buluu hapo kisimani

Humud: Kombo 😂 sio leo. Khalati nitumie namba ya gari, tovuti ya TIRA, wale wasimamizi wa bima, ukiitia inakuonesha bima ya kampuni gani na inamalizika lini, maana stika za kughushi zipo

Humud: Nshaiona, iko hai

Salum Chake: Alhamdulillah. Khalati, PF3 mnayo?

Mama Raya: Ile fomu ya polisi? Daktari wa Mnazi Mmoja kaijaza, anayo babaake

Salum Chake: Apige kopi kabla hajairejesha polisi. Halafu awafate trafiki waliokwenda kupima, aombe ripoti na ile ramani ya ajali, na polisi wakimpeleka dereva mahkamani akatiwa hatiani ichukuliwe nakala ya hukumu, kampuni ya bima itakutakeni zote hizo. Risiti wekeni, ya magongo, ya dawa, ya teksi ya kumpeleka kliniki, usidharau hata ya elfu tatu. Na hotelini Paje wampe barua inayoonesha mshahara wake kwa sababu siku anazolala hafanyi kazi nazo zinadaiwa

Mama Raya: Na hio bima ikisema chukueni hichi tumalizane?

Salum Chake: Hapo ndo watu wengi wanapoliwa. Mguu uko ndani ya plasta, nani anajua utaunga vipi? Pengine akatembea kama zamani inshallah, pengine ukabaki mfupi. Daktari anatakiwa aandike ripoti ya mwisho akishapona, kama kuna ulemavu ataje asilimia, ndo mtu anajua adai ngapi. Ukishasaini karatasi ya kumaliza madai, iwe ya bima au hio ya jirani, kuifungua tena kazi kwelikweli. Wakizungusha, TIRA wana ofisi hapo hapo Unguja, pelekeni malalamiko, na Kituo cha Huduma za Sheria wanasaidia bure wasio na uwezo wa wakili

Bibi Zuwena: Na laki mbili zake mrejeshee?

Salum Chake: Hapana bibi, pokeeni kwa wema, ila iandikwe ni msaada wa matibabu, basi

Mama Raya: Babaake kamueleza, mwenyewe kashangaa, anasema miaka yote anakata bima ili akisimamishwa na trafiki aoneshe stika, hajui kama inalipa watu 😅 kesho wanakwenda wote kwenye bima

Salum Chake: Waende mapema. Na taarifa ya ajali aitoe mwenye gari mwenyewe kwa bima, yeye ndo mteja wao. Kopi ya kitambulisho cha Mzanzibari cha Raya msisahau