Mbwa katoka upasuaji wa goti, leo siku ya 9: afungiwe mpaka lini?

mlinda_geti
Habari wakuu. Nina jike la Rottweiler chotara, miaka 5, kilo 41. Ligamenti ya goti la nyuma kulia ilikatika, akafanyiwa ule upasuaji wa kukata mfupa wa muundi, kuugeuza, kisha kuufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Ameanza kugusa chini kwa ncha ya mguu na kidonda ni kikavu, ila huku chini karibu na kisigino pamevimba kama pamejaa maji. Ndani ni vigae vitupu, na barazani kuna ngazi tatu. Uvimbe huo ni wa kawaida? Nimtembeze dakika ngapi? Na kufungiwa kunaisha lini, maana analia usiku kucha?

Mtaalamu_Mifugo
Pole mkuu. Bonyeza huo uvimbe kwa kidole. Kidole kikiacha kishimo, pasiwe na joto wala maumivu, basi ni maji ya jeraha yameteremka tu. Kanda taratibu kutoka unyayoni kwenda pajani, dakika 5, mara tatu kwa siku. Ukiona joto, wekundu, usaha, kidonda kuachia, au mbwa aliyekuwa anagusa chini ameacha ghafla, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo.

Barafu ni ya siku tatu za mwanzo. Sasa tumia kitambaa cha maji ya uvuguvugu, dakika 10, kisha mnyooshe: alale ubavu wa mguu mzima, mkono mmoja ushike paja, mwingine ushike chini ya goti, ukunje na kunyoosha polepole mara 10 hadi 15. Akikaza msuli au akigeuka kukutazama, umefika mwisho wake, usilazimishe.

Kutembea: dakika 5, mara nne kwa siku, kamba fupi, mwendo wa pole sana. Akiharakishwa hukunja mguu na kurukaruka kwa mitatu. Akienda pole hulazimika kuukanyagia. Kila wiki ongeza kama dakika 5 kwa kila safari. Kesho yake akichechemea zaidi, rudi kwenye kipimo cha wiki iliyopita.

Bi_Tausi
Dada/kaka, shughulikia hivyo vigae leo. Mguu mzima ukiteleza, uzito wote unaangukia ule mgonjwa. Tandika mikeka ya mpira kuanzia anapolala mpaka mlangoni. Kazulia jepesi ni baya zaidi kwa sababu linakimbia naye. Mkate kucha, na punguza manyoya katikati ya vidole.

Kwenye ngazi, kunja kanga kwa urefu iwe mkanda mpana kama kiganja, ipitishe chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, shika ncha zote mbili juu ya mgongo. Usimnyanyue miguu ikaning'inia. Mpunguzie uzito tu, akanyage mwenyewe. Ubao mpana uliopigiliwa gunia, ulale kwa mteremko mdogo, ni bora kuliko ngazi zote tatu.

Mtaalamu_Mifugo
Kuhusu kufungiwa: wiki 8 hadi 12, na anayefungua mlango ni eksirei ya wiki ya 8, siyo furaha ya mbwa. Hatari kubwa ni kati ya wiki ya 3 na ya 6. Maumivu yamekwisha, anataka kukimbilia geti, lakini mfupa haujashikana. Kuruka kochi mara moja kunaweza kulegeza skrubu au kupasua muundi. Hata waliofungwa uzi wa nailoni badala ya bamba muda ni uleule, kwa sababu uzi unashikilia tu mpaka kovu likomae.

Usiku akilia, viringisha chakula chake ndani ya taulo akitafute kwa pua. Ikishindikana, omba daktari dawa ya kumtuliza. Usimpe kabisa ibuprofeni, diklofenaki wala Panadol ya nyumbani: mbili za kwanza hutoboa tumbo na kuharibu figo, ya tatu ni sumu kwa ini na damu. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa apewe na chakula, isichanganywe na prednisoloni (dawa ya steroidi). Punguza ugali, kwa kuwa hatembei. Mbavu uzihisi kwa vidole bila kukandamiza. Mbwa wengi, karibu nusu, goti la pili hufuata, na uzito ndio unaoliharakisha.

mlinda_geti
Asanteni sana. Kola ya plastiki anaichukia, na kidonda kimekauka. Niivue?

Bi_Tausi
Hapana, mpaka nyuzi zitoke, siku ya 10 hadi 14. Dakika tano za kulamba zinatosha kufungua kidonda.

Mtaalamu_Mifugo
Nyongeza: baadaye, akiwa anatembea vizuri, ukisikia goti likilia "tak" na akaanza tena kuchechemea ghafla, huenda gegedu la ndani ya goti limechanika. Hilo haliponi kwa kupumzika. Mrudishe kwa aliyempasua.