Kuvua kwenye mawimbi: chubwi halitulii, mshipi unakatika

Mgeni wa Fungu: Wakuu, fimbo yangu ni ya mita 3.9, mshipi wa nailoni milimita 0.35, chubwi (kizito cha kuzamisha ndoana) la duara gramu 120. Ufuo ni wa mchanga mtupu. Dakika tano tu chubwi limeshasukumwa hadi nchi kavu, ndoana inarudi tupu, na nikirusha kwa nguvu mshipi unakatika. Niongeze uzito au nirushe mbali zaidi?

Fimbo Ndefu: Anza na huko kukatika, maana chubwi lililokatika hewani linaweza kuua mtu. Mshipi wa 0.35 haubebi mrusho wa gramu 120. Unganisha mbele yake mshipi mnene, kwa hesabu ya kilo 5 za nguvu kwa kila gramu 30 za chubwi. Wewe unahitaji kilo 20, yaani kama milimita 0.70. Urefu wake uwe mara mbili ya fimbo, ujumlishe mizunguko sita ndani ya rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi. Fundo lilowanishe kabla ya kulikaza. Nailoni ikisuguana ikiwa kavu hupata joto na kudhoofika. Kila baada ya mirusho kadhaa pitisha vidole kwenye mita za mwisho. Ukihisi mkwaruzo, kata.

Chubwi Kavu: Duara kwenye mchanga ni gurudumu, mkuu! Tumia la piramidi, na mkondo wa pembeni ukizidi, lile lenye nyaya nne zinazojichimbia; ukivuta kwa nguvu zinakunjuka zenyewe. Likishatua, achia mita chache za mshipi ili mvuto uje chini chini, halafu simamisha fimbo wima mshipi upite juu ya mawimbi ya karibu. Uzito ongeza tu kama namba ya uzito iliyoandikwa juu ya mpini wa fimbo inaruhusu.

Maji Kupwa: Kurusha mbali mimi napinga. Nenda maji yakiwa yamekupwa kabisa, uone mashimo na mifereji yalipo, uweke alama. Yakijaa, penye povu jeupe ni fungu, yaani mchanga ulioinuka chini ya maji. Penye rangi nzito pasipovunja wimbi ni mfereji, na samaki hupita humo, mara nyingi mita 20 hadi 40 tu kutoka ukingoni. Saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa moja baada yake ndizo za kutega. Chambo kifunge kwa uzi mwembamba wa mpira, mizunguko kumi, ncha ya ndoana ibaki wazi. Kikiisha bila ncha ya fimbo kutikisika, shuku kaa: weka kiboya kidogo karibu na ndoana kiinuke.

Mgeni wa Fungu: Nikitumia mshipi wa kusuka, ule mnene wa mbele bado ni lazima?

Fimbo Ndefu: Ndiyo, tena zaidi. Wa kusuka haunyumbuki, na mchanga unautafuna haraka.