Sevisi inawaka kabla ya netiweki, kuzima nako ni balaa

dagaa_kavu:
Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, pale soko la dagaa la Mwaloni Kirumba, tuna kaseva ka Ubuntu kanapokea uzito wa magunia ya dagaa kutoka kwenye mizani halafu kanatuma kwa seva kubwa iliyoko Dar. Umeme ukikatika UPS (betri ya akiba) inaiambia seva ijizime, ukirudi seva inawaka yenyewe vizuri tu ila sevisi yangu (programu inayofanya hiyo kazi ya kupokea na kutuma) nakuta imekufa, logi inasema "Cannot assign requested address" mara kadhaa halafu "Start request repeated too quickly" basi, mpaka niende niiwashe kwa mkono. Jana nimekuta wabebaji wamesimama na magunia begani wananisubiri mimi, iliniuma sana. Na wakati wa kuzima ExecStop (amri inayoendeshwa sevisi ikizimwa) inatakiwa itume rekodi za mwisho, inagoma, "Could not resolve host", hata nikireboot tu umeme ukiwepo. Kwenye faili la sevisi nimeweka Wants=network-online.target na Restart=on-failure. Nakosea wapi?

fundi_nyegezi:
Mkuu umeweka Wants peke yake ndo maana. Wants inaita tu, haipangi nani atangulie, systemd (programu inayowasha na kuzima sevisi zote za Ubuntu) inaziwasha zote kwa mpigo na sevisi yako inaidaka IP (anwani ya netiweki) ya kusikilizia wakati kadi ya netiweki bado haijapewa. Fanya systemctl edit, sehemu ya Unit weka:

Wants=network-online.target
After=network-online.target nss-lookup.target

Kwenye Service ongeza RestartSec=10. Usipoiweka inasubiri milisekunde 100 tu kabla ya kujaribu tena, majaribio 5 yanaisha rauta hata taa haijawasha, na ikishafika mara 5 ndani ya sekunde 10 systemd inaachana nayo. Kuhusu kuzima, systemd inazima kwa kurudi nyuma, aliyeingia wa mwisho anatoka wa kwanza, kwa hiyo After hiyohiyo ndo itafanya sevisi yako izimwe wakati netiweki na DNS (inayotafuta IP ya jina la seva, ndo hiyo nss-lookup.target) bado viko hewani.

kivuko_ukerewe:
Naongezea hapo maana wengi tunaumia. Ukikuta mtu amekushauri After=network.target, hiyo inamaanisha programu inayosimamia netiweki imeshaanza, sio kwamba IP ipo, faida yake kubwa ni wakati wa kuzima. Na network-online nayo usiiamini kupita kiasi, inasubiri kadi ipate anwani, ikipita dakika mbili kwenye systemd-networkd inaacha kusubiri na sevisi yako inawashwa hivyohivyo. Tena rauta ya laini inaweza kukupa IP huku yenyewe bado inatafuta mnara, Dar huipati. Programu yenyewe lazima ijue kurudia kutuma. Halafu kwa nini unasikiliza kwenye IP moja? Weka 0.0.0.0 (yaani IP zote za seva), fayawoli ikae sawa, hilo kosa la kwanza linaondoka kabisa.

dagaa_kavu:
Asanteni sana wakuu. Nimeweka vyote, reboot safi kabisa, rekodi zote zimefika. Ila nimechomoa plagi ya ukutani makusudi nijaribu, kuwaka sawa, kuzima bado "Could not resolve host" ileile, tena inaganda kama dakika moja na nusu ndo inazima.

fundi_nyegezi:
Rauta umeichomeka wapi?

dagaa_kavu:
Ukutani, kwenye ekstensheni ya feni.

fundi_nyegezi:
Basi hapo hakuna After itakayokusaidia, umeme ukikatika rauta inazima kabla hata seva haijaambiwa ijizime. Hamishia kwenye UPS, rauta inakula umeme kidogo sana. Ile dakika moja na nusu ni TimeoutStopSec (muda wa kusubiri sevisi izime), kawaida yake ni sekunde 90, wewe weka 20 betri isiishie hapo. Na tafadhali rekodi iandikwe kwenye diski kwanza ndo itumwe, ikishindikana itumwe seva ikiwaka, mnara nao unaweza kuzima siku hiyohiyo na jasho la watu limo humo.

dagaa_kavu:
Nimehamisha rauta, TimeoutStopSec 20, nimechomoa tena plagi. Rekodi 14 za mwisho zimefika Dar kabla seva haijazima. Ya diski naianza leo usiku.