Kikundi cha Klabu ya Huduma: wiki ya miwani

JUMATATU

Katibu: Habari za jioni wanachama, shikamooni wakubwa. Kumbukumbu za kikao cha leo nazitoa kwa ufupi maana ndefu hamzisomi. Akidi ilitimia, kwa kuchelewa. Udhuru ulipokelewa kutoka kwa wanne, na wawili kati yao nawaona hapa hewani tangu saa 10 jioni. Mwanachama mpya ni Mchora Mabango, karibu sana. Jumamosi ni siku ya kupima macho. Makasha ya miwani ya kuchangwa yamefika. Mengineyo yalikuwa mengi na hayakuamuliwa.

Mchora Mabango: Asanteni kwa kunipokea. Shikamooni.

Bibi wa Kona: Marahaba mwanangu. Hapa kazi nyingi, shukrani chache. Usije ukasema hukuambiwa.

Mjomba Spika: Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba kikao cha kila wiki ni kingi mno. Rotary wenyewe, klabu kubwa za huduma za dunia, tangu 2016 wameziruhusu klabu zao kukutana mara 2 tu kwa mwezi zikipenda.

Katibu: Mjomba, hao wakikutana mara mbili, wanafika mara mbili.

Mwenyekiti: [Ujumbe wa sauti, 4:12]

Mama Pacha: Mwenyekiti shikamoo, nimewalaza watoto sasa hivi, siwezi kufungua sauti. Tuandikie tu.

Mwenyekiti: Nimesema sawa.

Mama Pacha: Jamani, nimefungua kasha la kwanza la miwani. Kuna za jua. Kuna isiyo na mkono. Kuna moja imefungwa uzi kwenye bawaba na lenzi imekwaruzwa kama imesuguliwa na mchanga. Hizi tunampa nani?

Mjomba Spika: Zipangwe mezani Jumamosi. Mtu anajaribu moja, anajaribu nyingine, akifika kwenye inayomwonyesha vizuri anaondoka nayo. Shida iko wapi?

Sista: Shida iko kwenye macho mawili, Mjomba. Miwani ya kupimiwa imekatwa kwa ajili ya mtu mmoja. Jicho la kulia lina namba yake, la kushoto lina yake, na umbali wa mboni hadi mboni ni wa uso wake. Kama ana astigmatizimu, yaani uso wa jicho haukupinda sawasawa pande zote, lenzi imelazwa kwa pembe ya jicho lake hilohilo. Mvalishe mwingine, atasema "naona!" kwa sababu ukungu umepungua kidogo. Kesho kutwa kichwa kinamuuma na miwani iko juu ya kabati.

Mjomba Spika: Mbona zile za kusomea watu wanajichagulia tu dukani?

Sista: Hizo sawa. Kushindwa kusoma karibu baada ya miaka 40 hivi ni uzee wa lenzi ya jicho, na kwa kawaida huyapata macho yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana zile za tayari zina nguvu sawa pande zote, kuanzia +1.00 kwenda juu. Mtu mzima aliyepimwa akaonekana mbali anaona vizuri, huyo mpe kadi ya herufi ndogo ajaribu hadi apate. Mtoto haguswi na miwani ya kujaribu hata siku moja.

Mchora Mabango: Kwa hiyo Sista, kuchanga miwani iliyotumika ni kazi bure?

Sista: Si bure, ila si kazi ya meza. Zinatakiwa zipelekwe penye mashine ya kusoma nguvu ya lenzi, zipimwe, zioshwe, ziandikwe namba, halafu aliyepimwa atafutiwe inayokaribia yake. Lions, wale wa klabu za huduma kama sisi, wana vituo vya namna hiyo nchi kadhaa. Na hata huko sehemu kubwa hutupwa.

Bibi wa Kona: Basi Jumamosi tunatoa nini?

Sista: Tunapima. Wa kusomea tunampa mpya. Wengine wote tunawaandikia rufaa ya hospitali ya macho.

Mjomba Spika: Rufaa haipigwi picha.

Sista: Ndiyo uzuri wake.

JUMANNE

Katibu: Waliochambua miwani leo ni Mama Pacha, Bibi na Mchora Mabango. Waliosema watakuja wanajijua.

Mama Pacha: Zinazofaa kupelekwa zimejaa nusu kasha. Zilizobaki ni fremu za kuchezea watoto wangu, na tayari wameanza.

JUMATANO

Mjomba Spika: Wazo. Kwenye sanduku la michango zimo fedha za kutosha. Tutoe kidogo tushone fulana zenye nembo, Jumamosi tuonekane kitu kimoja. Bango nalo limechakaa.

Mhazini: Hapana.

Mjomba Spika: Hata hujauliza ni fulana ngapi.

Mhazini: Sina haja. Klabu ina akaunti mbili. Moja inakula ada zetu na faini za wachelewaji, na humo ndimo inamotoka kodi ya ukumbi, karatasi na fulana. Ya pili ni ya fedha tulizochangiwa na watu, na hizo zinarudi kwa watu. Ukichapisha tiketi za tamasha la kuchangisha, gharama ya tiketi unaikata humo, hilo linakubalika. Lions wanaendesha klabu zao hivyo kila mahali, na sisi ambao si Lions hatuna sababu ya kuwa wazembe kuliko wao. Aliyetia fedha kwenye sanduku alisoma pale juu MACHO. Hakusoma FULANA.

Mjomba Spika: Fulana zinatutambulisha kwa umma.

Mhazini: Basi zilipiwe na wanaotambulishwa.

Mama Pacha: 😂😂

Sista: Mhazini, nafuu nikuulize mapema. Watakaopewa rufaa kwenda hospitali ya macho, nauli yao je?

Mhazini: Hiyo ni macho. Inatoka. Nataka risiti.

Mchora Mabango: Samahani wakubwa, nami nina swali. Picha za Jumamosi, nipige za watu wakivaa miwani kwa mara ya kwanza? Zinapendeza sana.

Sista: Piga mabango, piga chati, piga Mjomba akibeba viti. Mgonjwa hapana, mpaka umuulize kabla hajapewa chochote. Ukimuuliza akiwa ameshika miwani mpya mkononi, atakataaje?

Bibi wa Kona: Mimi niliposafishwa jicho langu la kushoto, kuna mtu alinipiga picha nikiwa na bandeji. Ikazunguka kwenye vikundi vyote. Watu wananipa pole hadi leo kwa jicho linaloona kuliko yao.

Mchora Mabango: Nimekuelewa Bibi. Nitaanza na viti.

Mwenyekiti: Wanachama, nimeandaa hotuba ya ufunguzi. Nitaanza na Helen Keller, yule mama asiyeona wala kusikia, aliyesimama mbele ya mkutano wa Lions kule Cedar Point, Ohio, mwaka 1925 akawaomba waichukue vita ya upofu kuwa yao. Kisha niingie kwenye fimbo nyeupe, ambayo klabu ya Lions ya Peoria, Illinois, iliishika mwaka 1930 baada ya mwanachama kumwona asiyeona akihangaika kuvuka barabara na fimbo nyeusi ambayo madereva hawakuitambua. Kisha

Katibu: Mwenyekiti, dakika ngapi?

Mwenyekiti: Kumi na tano.

Bibi wa Kona: Mwanangu, hao watu wamesimama foleni na macho yanawauma.

Mwenyekiti: Mbili.

ALHAMISI

Katibu: Kituo cha damu kimeuliza kama klabu itachangia mwezi huu. Nani yuko tayari? Napendekeza tuende wote siku moja.

Sista: Tusiende wote siku moja. Seli nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki 5 au 6 hivi, chembe sahani, zile za kugandisha damu, hudumu siku 5 hadi 7 tu. Tukimiminika leo, baada ya wiki mbili chembe sahani zetu zimekwisha muda na sote bado tunasubiri miezi kadhaa kabla ya kurudi. Tugawane makundi matatu.

Mjomba Spika: Mimi kundi la mwisho.

Katibu: Mjomba umeandikwa la kwanza.

IJUMAA

Sista: Vya kesho, someni vizuri. Chati mbili za E. Kamba iliyopimwa mita 6 kamili, fundo kila upande. Mkanda wa kubandika sakafuni mstari wa kusimama. Kalamu. Fomu za rufaa. Mwanga uangukie chati, usimpige mtu usoni.

Mchora Mabango: Kwa nini E tupu, si herufi zote?

Sista: Kwa sababu hatupimi kusoma. Anaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi, juu, chini, kushoto, kulia. Asiyejua herufi hata moja anapimika sawasawa na mwalimu.

Mama Pacha: Na jicho la pili linazibwaje? Mwaka jana watoto walikuwa wanachungulia katikati ya vidole.

Sista: Kiganja kikunjwe kidogo kama unateka maji, kisiminye jicho. Likiminywa linaona ukungu dakika nzima na umeharibu kipimo cha zamu yake. Kwa watoto, Mama Pacha, simama wewe. Unazijua hila zao.

Sista: Asiyefika mstari wa 6/12, ule ambao jicho zima huusoma kwa mita 12, kwa jicho lolote, hata kama jingine liko safi, anaandikiwa rufaa. Msibishane naye, msimhurumie kwa kumsogeza mbele hatua moja.

Mjomba Spika: Spika naleta saa 1 asubuhi.

Sista: Ya kutangaza foleni tu. Muziki hapana, tunahitaji kusikilizana.

JUMAMOSI

Katibu: 1:20 asubuhi. Watu wamefika kabla yetu.

Mchora Mabango: Kamba iko wapi?

Mama Pacha: Pacha wanarukia. Naileta.

Mjomba Spika: Mwenyekiti amemaliza hotuba. Dakika 2 na nusu! Nimepima mwenyewe.

Katibu: Foleni imegeuka kona. Mhazini, njoo ushike fomu, mwandiko wako unasomeka.

Mhazini: Nakuja. Nani anabaki na sanduku?

Katibu: Njoo nalo.

Mama Pacha: Sista, kuna binti hapa, miaka 9 hivi. Kulia anaona mpaka mstari wa mwisho. Kushoto haoni hata E kubwa ya juu. Mama yake anashangaa, anasema hajawahi kulalamika.

Sista: Hawezi kulalamika, la kulia linafanya kazi ya yote mawili. Huyo rufaa ya haraka. Huenda ni jicho vivu, yaani ubongo umeacha kulitumia, na kadiri umri unavyokwenda ndivyo linavyozidi kuwa gumu kuamshwa. Mwambie mama asisubiri likizo.

Mama Pacha: Nimemwambia. Anataka kujua kama ni kosa lake.

Sista: Mlete kwangu.

Mchora Mabango: Kuna mzee mmoja, fundi cherehani. Amejaribu zote za kusomea hadi +3.50, anasema sindano bado haioni. Mboni yake ina weupe. Amekasirika, anasema tumemletea miwani mibovu.

Sista: Mtoto wa jicho. Hakuna miwani ya kuondoa hilo, na wala matone. Lenzi yake ya ndani imepata ukungu, inatolewa inawekwa ya bandia. Mweleze taratibu.

Mchora Mabango: Nimemweleza. Amesikia "inatolewa" akasimama kuondoka.

Bibi wa Kona: Yuko wapi? Mzuieni, nakuja.

Katibu: Bibi ameketi naye chini ya mti. Amevua miwani yake, anamwonyesha jicho.

Mchora Mabango: Sasa Bibi amemtungia uzi kwenye sindano yake, mbele yake, kwa jicho la kushoto.

Mjomba Spika: Piga picha!

Mchora Mabango: Sipigi.

Katibu: Amekubali kuandikwa jina. Amesema atakwenda kutazama tu, si kukatwa. Tumeandika hivyohivyo.

JUMAPILI

Katibu: Poleni na kazi jana. Asanteni wote. Viti 2 havijarudi ukumbini, aliyenavyo avirudishe bila kuulizwa.

Sista: Nina orodha ya rufaa mezani. Kwa uzoefu wangu wa wodini, rufaa ni karatasi, na karatasi hukaa mfukoni mwa shati hadi lifuliwe. Nataka kila jina lipate mwanachama wa kulifuatilia: kupiga simu, kujua siku, kuhakikisha mtu amefika na amerudi. Majina sitayaweka hapa kundini. Nitamtumia kila mmoja wa kwake faraghani.

Mama Pacha: Binti na mama yake ni wangu.

Bibi wa Kona: Fundi cherehani wangu.

Mhazini: Nipe wawili.

Mwenyekiti: [Ujumbe wa sauti, 0:06]

Mama Pacha: Mwenyekiti amesema watatu! Sekunde sita! Jamani!

Sista: Mjomba?

Mjomba Spika: Mimi simu siziwezi, nasahau. Lakini nina gari. Kliniki ya macho ni Jumanne, si ndiyo? Nitawazungusha.

Sista: Hilo ndilo nililokuwa nalihitaji kuliko simu. Wafike kabla ya saa 2 asubuhi. Watakaotiwa dawa ya kupanua mboni hawataona vizuri saa kadhaa, kwa hiyo unawasubiri na kuwarudisha mpaka mlangoni. Usimwache mtu kituoni.

Mjomba Spika: Siku nzima basi.

Sista: Siku nzima.

Mjomba Spika: Haya. Nimo.

Bibi wa Kona: Nimeshampigia fundi. Anakuja, ila mkewe naye anataka kuwapo asikie daktari atasema nini. Na mimi siwezi kukaa nyumbani. Tuwekee nafasi tatu.

Mjomba Spika: Bibi, kwa idadi hiyo nitakwenda mizunguko miwili.

Mhazini: Mafuta yanalipwa. Risiti ya kila mzunguko, na isiwe moja umeikata katikati kama ile ya viti.