Mjadala: Mbaguzi akionjeshwa ubaguzi, atapata huruma?

Mwalimu_Njoro
Kamati ya amani ya mtaa mmoja hapa Nakuru inapanga semina ya siku moja. Mlangoni watu wachote kadi: wa kijani wakae mbele na kupewa chai, wa nyekundu wasimame nyuma na kukatizwa wakisema. Mchana wabadilishane. Nia ni wenye ndimi za ukabila waonje wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ndiyo hoja yao. Mnaonaje?

Dala_Kondele
Inafanya kazi. Kuna yule mwalimu wa Chicago aliyegawa watoto kwa rangi ya macho Martin Luther King alipouawa. Walilia, kisha wakashika adabu. Mngeanza na wenye ploti wa Nakuru, wanaouliza jina la ukoo kabla ya kuuliza kama una kodi.

Ploti_Section58
Omera, ya wenye ploti imetokea wapi? Jina linaulizwa kwa sababu linaandikwa kwenye risiti. Mpangaji akihama usiku, dipoziti ya mwezi mmoja inamezwa na kodi aliyoruka. Bili ya maji, kitasa na rangi ya ukuta ni juu ya nani? Keyateka, mtunza ploti, anauliza ili ajue pa kukutafuta.

Dala_Kondele
Nambari ya kitambulisho inatosha kumtafuta mtu. Jina la ukoo linakuonyesha nini cha zaidi? Sema tu.

Mwalimu_Njoro
Turudi kwenye swali. Si Chicago. Ni Jane Elliott, Riceville, Iowa, 5 Aprili 1968, darasa la tatu, watoto wazungu watupu. Waliodharauliwa walivaa ukosi wa kitambaa na kupunguziwa mapumziko, kisha zamu ikageuzwa, na mwisho wakaketi kuzungumza. Elliott alieleza kwamba walioumia kwanza, walipopata zamu ya juu, hawakuwa wakali kama wenzao. Lakini hayo ni maelezo yake mwenyewe, hapakuwa na darasa la kulinganisha. Watafiti Weiner na Wright walirudia jambo hilo kwa vipimo, wakachapisha 1973: vitambaa vya kufungwa mkononi, chungwa na kijani. Baadaye watoto hao walikuwa tayari zaidi kwenda mandari na watoto weusi. Nao pia ni darasa la tatu. Mzee wa baraza hageuki kwa kitambaa.

Lurambi_Juu
Mmesahau nusu ya kunguni. Aliyehama kitanda hicho humwambia aliyebaki, "mbona mimi nilivumilia?" Rachel Ruttan na wenzake, 2015: waliopitia shida fulani, kama kuonewa au kukosa kazi, walikuwa na huruma pungufu kwa anayeshindwa na shida ile ile, kuliko wasiowahi kuipitia. Maumivu yakipoa, mtu hukumbuka kwamba alishinda, hakumbuki yalivyouma. Na Burundi, utafiti wa 2012 uliwakuta walioguswa na vita wakiwa wakarimu zaidi, ila kwa majirani zao. Huruma imeongezeka, uzio umebaki pale pale. Hata hapa kwetu, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto uliwaka kaskazini mwa Bonde la Ufa, na kabla Januari 2008 haijaisha Nakuru na Naivasha zikalipiza.

Bondeni_Mama
Usiwabebeshe wakimbizi waliolala Showground! Ripoti ya Waki, ya tume iliyochunguza ghasia hizo, yenyewe inasema ya Naivasha yalipangwa. Mtu aliyefika kambini na godoro na watoto alipanga nini? Akapewa 10,000 za kuanza maisha, na aliyechomewa nyumba 25,000, leo mnamfanya mfano wa chuki mtandaoni.

Lurambi_Juu
Mama, sijawataja wa Showground popote. Soma tena.

Bondeni_Mama
Nimesoma. "Zikalipiza." Nani alilipiza, miji?

Ploti_Section58
Na mjue wapo wenye ploti waliofukuzwa 1992 na tena 2008. Wanaogopa. Woga si chuki.

Dala_Kondele
Basi mjadala umeumaliza mwenyewe. Wameonja mara mbili, na mwenye jina la kabila lingine bado anaambiwa keja "imejaa".

Wakili_Milimani
Woga si utetezi. Ibara ya 27(5) ya Katiba inamkataza mtu binafsi kubagua kwa kabila, si serikali pekee. Tatizo ni ushahidi, na unapatikana. Watu wawili wapige simu siku moja kuhusu chumba kimoja: kazi moja, kipato kimoja, maneno yale yale, majina ya ukoo tofauti. Simu moja haithibitishi kitu, huenda chumba kimeenda kweli. Kwa hiyo zamu ya kutangulia ibadilishwe kila ploti, la sivyo wa pili atasikia "imejaa" kila mara. Lafudhi nayo inaharibu. Njia safi ni ujumbe wa maandishi, na wa tatu aulize saa moja baadaye kama chumba bado kipo. Andikeni saa na jibu neno kwa neno.

Ploti_Section58
Kwa hiyo mtatupigia simu za uongo.

Mwalimu_Njoro
Semina jamani. Kwa watu 20, kadi zikichotwa ovyo, wa nyekundu wanaweza kuwa karibu wote wa jamii moja, na hapo mmewasha moto. Zipangwe mapema kila rangi ichanganyike. Waendeshaji wawili, wa jamii tofauti. Kutoka kuruhusiwe. Muda wa kuzungumza usipungue wa zoezi lenyewe, kwa sababu ukibanwa, hasira yote humwangukia mwendeshaji.

Lurambi_Juu
Au acheni kadi kabisa. Broockman na Kalla, Miami, 2016: hodi mlangoni, mazungumzo ya kama dakika 10. Unamuuliza msimamo wake bila kumhukumu, kisha akueleze lini yeye alidharauliwa kwa kuwa tofauti, kisha aunganishe mwenyewe. Chuki dhidi ya waliobadili jinsia ilishuka, na miezi 3 baadaye ilikuwa bado iko chini. Hakuna aliyesimamishwa nyuma bila chai.

Bondeni_Mama
Mambo ya Miami yabaki Miami. Tena si ndio ule utafiti uliofutwa kwa kutunga data?

Lurambi_Juu
Uliofutwa 2015 ni wa mtafiti mwingine, LaCour. Waliomfichua ni hao hao Broockman na Kalla.

Bondeni_Mama
Majina yote mnayajua, ila jirani yako wa ploti humjui.

Wakili_Milimani
Section58, simu za uongo zina dawa. Kodi, dipoziti na bili ziandikwe langoni. Kitambulisho kiombwe mtu akishaona chumba na kukubali bei. Anayetangulia na pesa apewe ufunguo.

Ploti_Section58
La lango nakubali. Lakini dipoziti iwe miezi miwili.

Dala_Kondele
Miwili? Kwa chumba kisicho na tangi?