Kiangazi hiki nataka kusikia muziki unaopigwa mbele yangu: niende Unguja au Bagamoyo?

Muuguzi wa Dodoma

Ndugu zangu, salaam. Baada ya miaka mitatu ya kufanya kazi bila likizo ya maana, nimeahidiwa mapumziko, na nimeamua kuyatumia kwa jambo moja tu, nalo ni kusikiliza muziki unaopigwa na watu waliopo jukwaani. Nimekulia katika nyumba ambayo redio haikuzimwa usiku wa taarabu, na mama yangu amehifadhi nyimbo nyingi kwa moyo, lakini si yeye si mimi, hakuna aliyewahi kuketi mbele ya mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu.

Mwaka juzi nililipa kiingilio kikubwa katika onyesho moja, nikasimama hadi usiku wa manane, kisha msanii akatokea na kuimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Kuna wakati alikuwa amekishusha kipaza sauti hadi kiunoni na sauti yake bado inasikika. Niliumia sana, kwa sababu nilikwenda kuwaona watu wakiifanya kazi ya muziki, na kazi hiyo haikuwapo.

Fedha zangu zinatosha safari moja. Nichague tamasha la Sauti za Busara la Unguja mwezi wa Februari, au nisubiri tamasha la Bagamoyo? Mama ana umri wa miaka 68 na miguu inamsumbua, nami nisingependa kumwacha nyumbani.

Mkaazi wa Mkunazini

Dada yangu, karibu Unguja, na mama mpe shikamoo zetu. Kwa jeraha ulilolieleza, Sauti za Busara ndiyo dawa yake, maana tangu lilipoanza mwaka 2004 tamasha hili limeshikilia sharti la muziki kupigwa hapo hapo jukwaani, na msanii anayetegemea muziki uliorekodiwa hana nafasi. Kwa sababu hiyo utakuta wapigaji wa Zanzibar, wa bara na wa nchi nyingine za Afrika wakipokezana usiku mmoja katika Ngome Kongwe, ndani ya kuta zilizojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa.

Jambo la kwanza ni tarehe. Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na sasa imeifikia Februari. Kwa kuwa huku hatufanyi matamasha ya muziki ndani ya mwezi mtukufu, siku za tamasha nazo husogezwa. Usikate tiketi ya boti kabla ya kuziona tarehe zilizotangazwa na waandaaji. Kiingilio cha Mtanzania ni cha chini sana kuliko cha mgeni wa ng'ambo, kwa hiyo njooni na vitambulisho vyenu.

Jambo la pili ni taarabu yenyewe. Huku tuna vikundi ambavyo si vya msimu: Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Ukisikia kwamba kikundi kimojawapo kitapiga ukiwa hapa, hata kama ni nje ya tamasha, acha mengine yote uende. Mpiga kanuni huilaza mapajani au mezani, ina nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti, naye huzigusa kwa vidoko vilivyofungwa kwenye vidole vya shahada. Redioni kanuni huzama chini ya fidla. Ukiwa karibu, unasikia kila uzi unavyoanza na unavyokufa. Mama akiguswa na shairi, ainuke taratibu akamtunze mwimbaji kwa noti, kama ilivyo desturi, na hakuna atakayemharakisha. Natamani kuuona uso wake siku hiyo.

Fundi wa Mitambo ya Sauti

Nimefanya kazi nyuma ya majukwaa kwa muda mrefu, na ningependa kuongeza la ufundi, kwa sababu ndilo litakaloamua mama atasikia nini. Watu wengi hukimbilia mbele kabisa, karibu na spika, wakidhani huko ndiko kuzuri, kumbe huko husikia upande mmoja tu na ngoma huwafunikia ala nyingine zote. Tafuteni nafasi karibu na meza ya fundi anayechanganya sauti, kwa sababu yeye hupanga kila kitu kulingana na anachokisikia pale alipo.

Udi wa nyuzi, nai ambayo ni filimbi, na kanuni ni ala zisizo na sauti kubwa, na kuzikuza ni kazi ngumu: ukikipandisha kipaza sauti cha ala hizo kupita kiasi, kinadaka sauti inayotoka kwenye spika na kuirudisha tena, na hapo ndipo unaposikia ule mlio mkali unaoumiza masikio. Kwa hiyo mkiona wapigaji wamekaa dakika nyingi wakijaribu nyuzi kabla ya kuanza, msikasirike, kwani muda huo ndio unaozaa usikivu mzuri baadaye. Mfike mapema jioni, wakati watu ni wachache. Mama atapata pa kukaa kwa utulivu, na vikundi vya mwanzo mara nyingi ndivyo vyenye ala nyingi za asili.

Mwenyeji wa Bagamoyo

Mimi naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Dada, wewe unatoka Dodoma, na huenda hujui jinsi sauti ya kwenu ilivyo na mizizi hapa Bagamoyo. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyelipeleka zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba mbele ya dunia, alifundisha katika Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), na hapa hapa ndipo alipofariki mwaka 2003. Tamasha letu, ambalo kwa miaka mingi limefanyika Septemba au Oktoba, ndilo mahali pa kuona ngoma za makabila mengi zikichezwa na watu wenye ngoma hizo. Siupingi uzuri wa Unguja. Nasema tu kwamba Bagamoyo mama atafika kwa barabara bila kupanda boti, na siku akiwasikia wanawake wa Kigogo wakiipiga ngoma ya muheme hapa pwani, atajisikia yuko nyumbani.

Muuguzi wa Dodoma

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nimemsomea mama majibu yenu jana usiku, na nilipofika kwenye habari ya kanuni aliniomba nirudie. Muheme ameisikia tangu utoto kwa bibi yake, naye amesema Bagamoyo ataiweka mwakani, akijaaliwa. Tutashuka kwa treni ya SGR hadi Dar es Salaam, tulale usiku mmoja ili apumzishe miguu, kisha tuvuke asubuhi bahari ikiwa shwari. Mkaazi wa Mkunazini, nina swali moja lililobaki, na ni la mama mwenyewe: anataka kujua kama noti za kutunza hupewa mwimbaji peke yake, au anaruhusiwa kumpelekea na mpiga kanuni.

Mkaazi wa Mkunazini

Mwambie ampelekee, na nafasi ya kumpitisha hadi jukwaani nitamtafutia mimi.